Udongo wa Ukutani

Mokami alikuwa na jina katika kijiji kizima cha Kemambo, na jina hilo hakulipata kwa kuzaa wala kwa kulima. Alilipata kwa kuchoma dhahabu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya tisini, dhahabu ilipowatia watu wazimu na vilima vikatobolewa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, mpaka ng'ombe wakawa wanaogopa kwenda malishoni. Kuchimba, kila mwenye mikono aliweza. Kutwanga mawe na kuyaosha, hata wavivu walijifunza. Lakini kuchoma, watu walimletea Mokami.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Jiwe likishatwangwa na kuoshwa, unabaki na mchanga mzito ndani ya karai. Unautia zebaki, yale maji mazito ya rangi ya fedha ambayo hayalowanishi mkono, nayo inaizoa dhahabu yote na kukuachia mchanga wako. Unakamua kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe kama jino. Dhahabu imo humo lakini huioni, mpaka moto uifukuze zebaki. Hapo kidonge hupoteza weupe, kikawa kijivu, halafu kikageuka manjano, na mwenye mali akashusha pumzi aliyokuwa ameizuia.

Kidonge hakikuchomwa nje hata siku moja. Nje kuna macho, na watu wa huko waliamini kwamba dhahabu ikitazamwa na wengi hupungua ikiwa motoni. Kilichomwa jikoni, mlango umefungwa, juu ya mafiga yale yale ya ugali, na aliyekichoma alikuwa mama mwenye nyumba, maana moto wa mama hauibi. Wanaume waliokuwa tayari kukatana mapanga kwa ajili ya mpaka wa duara waliingia kwa Mokami wameinamisha vichwa, wakachuchumaa kimya, wakaambiwa wavute miguu yao isiguse kuni, nao wakavuta. Usione ni jambo dogo. Mjane ambaye mashemeji walitaka kumnyang'anya shamba alikuwa sasa anawaamuru wanaume wakae vizuri.

Jiko lake lilikuwa la udongo, kuta amezilainisha mwenyewe kwa kiganja, na juu alikuwa ameezeka bati, jambo ambalo wenzake hawakumsamehe. Dirisha hakuweka. Dirisha nalo ni jicho.

Miaka kumi na mitano baadaye bado alikuwa akichoma, na humo jikoni alikuwa akishinda na Boke, mke wa mwanawe Gidion. Gidion alifundisha kemia katika sekondari moja huko Mugumu, Serengeti, na mkewe alibaki kwa mama mkwe mpaka azae, kama ilivyozoeleka. Alikuwa amekwisha kuzaa mara moja. Mtoto yule alikuja mwaka uliotangulia, wa kiume, mzuri wa sura, na hakulia. Wakamzika nyuma ya nyumba kabla jua halijawa kali. Mokami, kwa uchungu na kwa kutafuta pa kuuweka uchungu wenyewe, alisema mbele ya watu kwamba Boke ndiye aliyekwenda Sirari kwenye msiba wa mjomba wake hali ana mimba, akaitazama maiti, jambo ambalo mjamzito hukatazwa. Tangu siku hiyo Boke alizungumza na mama mkwe wake yale ya lazima tu: maji yamekwisha, unga upo, kuku ametaga.

Sasa alikuwa na mimba nyingine, tumbo limemtangulia, na Mokami alimtunza kama mtu anayebeba mayai njia ya mawe. Alimkataza kuchota maji. Alimchinjia kuku. Na aliona, akanyamaza kwa furaha, kwamba nyuma ya mlango wa jiko, pale ukuta ulipokauka na kunukia moshi, palikuwa na kishimo kinachozidi kuwa kikubwa. Boke alikuwa anaumega udongo ule kwa ukucha na kuula.

Hakuna mwanamke aliyeshangaa jambo hilo. Mokami mwenyewe, alipokuwa na mimba ya Gidion, alikula ukuta wa mama mkwe wake. Mtoto hujengwa kwa udongo wa nyumba yao, ndivyo wanawake walivyoamini, na wanaume hawakuambiwa, kwa kuwa mambo ya mimba hayasimuliwi kwa wenye ndevu.

Gidion alikuja likizo akiwa na mfuko wa sukari na kitenge cha mkewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mura. Umekonda. Huko Serengeti mnakula majani pamoja na nyumbu?"

Akammiminia chai, na nusu ya chai ikaenda kwenye sahani. Gidion aliitazama ile mikono. Ilikuwa inatetemeka, si sana, lakini haikutulia hata alipoiweka mapajani.

"Mama, mikono imeanza lini?"

"Huo ni uzee."

"Mama yake Kisyeri hapo jirani amekuzidi umri, na anatia uzi kwenye sindano."

"Basi nenda ukazaliwe na mama yake Kisyeri."

Fizi pia zilikuwa zinamtoka damu, na usingizi ulikuwa umemhama, lakini hayo hakuyasema. Watu walikuwa wakinong'ona kwamba zebaki ndiyo iliyomfanya awe mkali. Waliomjua tangu usichana walisema zebaki iliikuta kazi hiyo imeshafanyika.

Asubuhi iliyofuata alikuja Kisyeri, jirani yao mwenye duara upande wa mtoni, kidonge chake kimefungwa kwenye pindo la shati. Mokami alichukua kipande chake cha beleshi cha kuchomea, akaingia jikoni, akataka kufunga mlango. Gidion akaweka mguu.

"Usichome humo, mama. Na Boke atoke kabisa, akae mbali."

"Mguu wako."

"Ule moshi ni sumu. Ndio unaokutetemesha mikono."

"Moshi ule ndio uliokununulia viatu vya kwendea shule," alisema Mokami. "Leo una viatu, unataka kuniwekea mguu mlangoni."

Maneno yalimwingia Gidion, maana yalikuwa kweli. Lakini mguu hakuutoa. Kisyeri alisimama katikati yao ameshika pindo la shati lake, anatamani dunia immeze yeye na dhahabu yake.

"Moto unamaliza kila kitu," Mokami aliendelea. "Nimechoma miaka yote hii. Zebaki inaungua, inakwisha, inabaki dhahabu. Ukuni ukiungua unabaki ukuni?"

"Ukuni haubaki. Zebaki inabaki."

"Iko wapi? Nionyeshe."

Gidion alikaa kwenye kizingiti. Darasani angekuwa na ubao na chaki na maneno ya Kiingereza aliyoyazoea. Hapa alikuwa na mama yake, na mbele yake mji wao: nyumba zilizojipanga mviringo, na zizi la ng'ombe katikati.

"Tazama mji huu," alisema. "Katikati kuna zizi. Nje ya zizi kuna watu, wanatoka, wanaingia. Kila kitu duniani, mama, kimejengwa kwa vitu vidogo sana visivyoonekana. Tunaviita atomu. Na kila atomu ina zizi lake katikati. Zizi la dhahabu lina ng'ombe sabini na tisa. Zizi la zebaki lina themanini."

"Wamezidiana ng'ombe mmoja?"

"Mmoja tu. Huyo mmoja ndiye anayefanya hii iwe dhahabu na ile iwe zebaki. Na moto wa jikoni haufiki zizini. Hauwezi kumtoa wala kumwua ng'ombe hata mmoja."

"Na ukuni?"

"Ukuni ukiungua, mazizi yake pia hayaguswi. Ni watu wa nje wanaohama. Wanakwenda mji mwingine, wanaoana huko, unatokea ukoo mpya. Ndiyo majivu, ndiyo moshi. Wakishaoana hivyo, ukuni huwezi kuurudisha. Sisi tunasema hayo ni mabadiliko ya kikemia. Lakini zebaki ikiwa kwenye beleshi lako haioi wala haiolewi. Inapata joto, inaondoka, inasafiri kama mvuke wa uji unaopanda ukakaa kwenye kifuniko. Ikifika penye baridi inatua. Na ikitua ni ile ile, haikupungukiwa kitu."

"Nilikupeleka shule ukajifunze ng'ombe," alisema Mokami. Lakini beleshi alikuwa amelishusha.

Wakachoma nje siku hiyo, nyuma ya zizi, mahali ambapo upepo ulipeleka moshi porini, si usoni mwao. Kisyeri alikubali shingo upande, akageukageuka kutafuta macho ya watu. Gidion aliomba bakuli la bati, Mokami akampa lile lenye ua jekundu. Akalifunika juu ya beleshi, akaliwekea kitambaa kilicholoweshwa maji, akawarudisha wote nyuma. Walingoja. Moto ulipozimwa na bakuli likapoa, akaligeuza.

Ndani lilikuwa limeingia ukungu wa kijivu, kama masizi mepesi. Gidion akaufagia kwa unyoya wa kuku kuelekea katikati, na ule ukungu ukaanza kukusanyika. Matone madogo yakakimbiliana, yakamezana, mpaka likabaki tone moja kubwa linalocheza juu ya ua jekundu, linang'aa, zima.

"Kumbe naweza kuitumia tena," alisema Kisyeri, uso umemchangamka.

Mokami hakumsikia. Alikuwa analitazama lile tone kama mtu aliyekutana njiani na mtu aliyemzika. Miaka yote alikuwa anaamini anaiua. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, ndilo jina lake: mama anayejua kuiua zebaki na kuiacha dhahabu hai. Na haikufa hata mara moja.

Kisyeri alipokwisha kwenda zake, Mokami aliuliza, kwa sauti ambayo Gidion hakuizoea, "Ile ya jikoni ilikwenda wapi?"

Gidion alifungua mlango wa jiko mpaka mwisho, akafunga kitambaa puani, akapanda juu ya kinu. Kwa ncha ya kisu alikwangua masizi ya chini ya bati, yakaanguka kwenye sahani mazito kuliko masizi yanavyopaswa kuwa. Akayatoa nje, akayaosha kwa maji polepole, kama wanavyoosha mchanga kwenye karai. Weusi ukaenda na maji. Chini ya sahani yakabaki matone, mengi, madogo kama mbegu za mchicha.

"Ilikuwa hapa," alisema waliporudi ndani na sahani. "Nyingine imetoka kwa mlango. Nyingine mmeivuta, imo ndani yenu. Na hii iliyobaki humu haijatulia. Kila mkiwasha moto wa ugali inapanda tena, inarudi, inatua. Kwenye bati, kwenye masizi, kwenye vyombo, kwenye kuta."

Alisema *kuta* kama mwalimu anavyomalizia orodha, bila kulisisitiza. Akainama kuimwaga sahani kwenye kopo. Hakuona mama yake alivyogeuza shingo kutazama nyuma ya mlango.

Kile kishimo kilikuwa kimefika ukubwa wa ngumi. Kingo zake zilikuwa laini, na alama za kucha zilionekana, mpya, za asubuhi ile.

Boke alikuwa nje amekaa kwenye mkeka, anamenya ndizi, miguu ameinyoosha kwa sababu ya tumbo. Alikuwa anaimba kitu kidogo cha kwao, jambo ambalo hakulifanya tangu mwaka uliopita.

Mokami angeweza kunyamaza. Hilo ni lazima lisemwe, kwa kuwa yeye mwenyewe alilifikiria, na si kwa dakika moja. Angeacha kuchoma. Angelivunja jiko akisema limechakaa. Boke angetafuta udongo mahali pengine, na hakuna mwanamume ambaye angejua, na lile kaburi dogo nyuma ya nyumba lingebaki na maelezo yake ya zamani, ya msiba wa Sirari na maiti ya mjomba. Aibu ingekaa ilipokuwa imezoea kukaa, kwa Boke. Lakini zile alama za kucha zilikuwa mpya. Mtoto alikuwa tumboni sasa hivi, na asingejua nani mwenye makosa.

"Gidion," alisema. "Mkeo anaula ukuta huu."

Gidion alisimama na kopo mkononi.

"Anaula vipi?"

"Anaula. Wanawake wenye mimba tunakula udongo. Hamuambiwi."

"Tangu lini?"

"Tangu mimba hii ilipoanza." Akameza mate, na mate yalikuwa na ile ladha ya chuma aliyokwisha kuizoea. "Na ile ya kwanza. Ile ya kwanza nilimwonyesha mimi. Alikuwa anakula udongo wa nje, wenye mchanga, nikamwonea huruma. Nikamwambia huu wa nyuma ya mlango ni laini, umeiva kwa moshi."

Gidion aliweka kopo chini taratibu sana.

"Ndiyo iliyomuua?" Mokami aliuliza.

"Sijui, mama."

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Sijui. Watoto wanakufa kwa mambo mengi. Siwezi kukuambia ndiyo, siwezi kukuambia hapana. Mimi nami nimekaa humu likizo ngapi, nimekula humu, sijainua macho kutazama bati." Akainua macho sasa, akalitazama. "Ninachojua ni kwamba huyu aliyepo tumboni asikae hapa tena."

Kuimba kulikuwa kumekoma. Boke alikuwa amesimama mlangoni, kisu cha ndizi mkononi, na hakuna aliyejua amesikia kuanzia wapi. Aliutazama ukuta, kisha akazitazama kucha zake.

"Kwa hiyo haikuwa maiti ya mjomba," alisema.

Aibu ilimpanda Mokami mpaka machoni, akaitika kwa kichwa, na Boke akarudi kwenye ndizi zake, akazimaliza kumenya zote.

Waliondoka kesho yake, Gidion na Boke, kwenda Mugumu. Kabla hawajaamka, Mokami alikuwa amekwisha kutembea kupita maduara yote, kupita mahali pa mwisho watu walipooshea mchanga, mpaka kwenye kichuguu ambacho alikijua tangu utoto, upande ambao hakuna mtu aliyewahi kutwanga jiwe. Alijua hamu ya udongo haiondoki kwa kukatazwa. Alichimba ndani ya kichuguu, kwenye udongo mwekundu mnene, akachagua mabonge safi, akayafunga kwenye kipande cha kanga mpya ambayo haikuwahi kuingia jikoni.

Alimpa Boke kwenye kona ya njia, Gidion akiwa ametangulia na begi.

"Huu ni wa mbali," alisema. "Ni safi."

Boke aliupokea. Aliupima uzito mkononi, akainua kanga karibu na pua, na kwa kitambo kidogo uso wake ulilegea kwa hamu. Kisha akaitazama mikono ya mama mkwe wake, ambayo ilikuwa inatetemeka.

"Ulinawa mikono, mama?"

Hakuuliza kwa ukali. Mokami akasema ndiyo, na kweli alinawa, kwa sabuni na kwa majivu, mpaka ngozi ikawasha. Boke akamshukuru. Akakifunga kile kifurushi fundo la pili juu ya lile la kwanza, akakishika kwa ncha za vidole, na Mokami akajua hakitafunguliwa.

Jiko alilivunja, lakini kwa masharti ya mwanawe: lisivunjwe kavu, vumbi lisipae. Alilimwagia maji siku nzima kabla ya kutia jembe. Udongo wake na masizi yake aliyafukia kwenye shimo refu mbali na kijito, na juu yake hakupanda kitu. Hakuwa na furaha ya kulimaliza jambo, maana alikwisha kuelewa kwamba hakuna alichomaliza. Amekihamisha tu.

Watu walipoambiwa Mokami hachomi tena, walihamia kwa Rose, mke wa mwenye duka la kuuza zebaki, mwenye jiko lililoezekwa bati kama lake na binti aliyekuwa anakaribia kuzaa. Mokami akaenda kumweleza yote, zizi la sabini na tisa na la themanini, bakuli, masizi, ukuta. Rose alimsikiliza kwa adabu, akamkaribisha chai, na jioni ile akawaambia watu kwamba kijicho kimemharibu mama wa watu.

Mtoto wa Boke alizaliwa hospitali, wa kike, na alilia. Habari zilipofika Kemambo, Mokami alikaa chini pale alipokuwa amesimama. Akafunga safari.

Alipofika kwenye chumba cha Gidion huko Mugumu, alisimama mlangoni, hakuingia. Boke alikuwa kitandani na mtoto. Mokami akasalimia kutoka pale pale, akasema safari ilikuwa nzuri, akasema mtoto ni mzuri, akaikunja mikono yake ndani ya kanga.

Boke alimlaza mtoto, akainuka. Alileta beseni, maji ya moto na kipande cha sabuni. Akaitoa ile mikono kwenye kanga, akaitia majini, akaiosha yeye mwenyewe, kidole kwa kidole, chini ya kila ukucha, kwa muda mrefu. Akamwaga maji, akaleta mengine, akaosha tena. Akaifuta. Kisha akamwekea mtoto mapajani.

"Watu wa hospitali wanasemaje?" Mokami alimuuliza mwanawe.

"Wanasema ni mzima. Mengine tutayaona akikua."

Mokami aliinama. Mtoto alikuwa amefungua kiganja kimoja, kidogo, chekundu, na kilikuwa kinatetemeka kidogo hewani, kama vinavyotetemeka viganja vya watoto wote wachanga. Alikitilia kidole chake, mtoto akakishika, na mikono yote miwili ikawa inatetemeka pamoja. Mokami akakaa hivyo bila kusogea, akingoja kuona upi utatulia.